Masikio Kwenye Hesabu ya Kodi

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata! Barua pepe imeingia nikiwa nimelala chali chini ya piano ya shule, tochi mdomoni. Chuo kile cha muziki cha ng'ambo kinanitaka — miezi mitatu, piano arobaini, mashindano ya vijana. Nimejigonga kichwa kwenye ubao. Sijali! Mwalimu mkuu akaja mbio kuuliza kama piano imevunjika. Nikamwambia piano nzima, aliyeharibika ni fundi.

Baba nilimpigia simu papo hapo. Siku hizi masikio yake huyatumia akipenda, kwa hiyo nimepiga kelele mpaka shule nzima imesikia habari zangu. Alipoelewa, akauliza wana piano za aina gani. Baba ni Baba! Kazi hii ya kutyuni piano, kuziweka sauti sawa, kanifundisha yeye, na spana ninayokazia nyaya ni yake.

Jumanne, 4 Juni

Nimekusanya risiti zote za maombi ya kazi. Kipimo cha masikio (walitaka cheti cha daktari, haki yao). Pasipoti. Cheti cha polisi. Kutafsiri vyeti. Posta ya haraka. Mwisho wa kupeleka hesabu za kodi ni Ijumaa ya wiki ijayo, nami nimejiajiri, basi zote naziweka kwenye gharama za biashara. Pesa ya kazi imetumika kutafuta kazi. Rahisi kabisa.

Mume wangu anasema ofisi ya kodi haijawahi kuwa rahisi kabisa. Yeye ni mwoka mikate, hana imani na kitu chochote mpaka kimeumuka.

Alhamisi, 6 Juni

Si rahisi kabisa.

Ofisi ya kodi, dirisha la tatu. Karani mama wa makamo, miwani ya kamba, sauti nzuri ya chini, ningeweza kuisikiliza siku nzima kama isingekuwa inanikatalia. Akainua risiti ya daktari, akauliza: masikio haya ni yako au ni ya biashara?

Nikamjibu yameshikana! Foleni ikacheka. Naye pia, kidogo.

Halafu akanieleza vizuri tu. Kama nakwenda kuajiriwa huko, hizi ni gharama zangu za kutafuta ajira, biashara yangu haihusiki. Kama nakwenda kufanya kazi ya biashara yangu, mteja tu ndiye yuko mbali, basi zinaingia. Akaniuliza: sasa wewe unakwenda kama nani?

Nikafungua barua ya chuo palepale. "Mwajiriwa wa muda." Imeandikwa wazi, nami sikuwa nimeiona. Macho yangu yalikuwa kwenye zile piano arobaini.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Swali halinitoki. Kama nani?

Jumapili, 9 Juni

Baba kaja kula. Nikamweleza yote. Nilitegemea aseme ajira ni ajira, shika usiachie.

Hakusema hivyo. Alisema miaka thelathini alityuni piano akiwa ameajiriwa na duka la muziki, na miaka thelathini wateja walimwita "yule wa dukani". Duka likafungwa, akapewa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Hakuna mteja hata mmoja aliyejua pa kumtafuta. Alikuwa anatafuna huku anasimulia, wala hana kinyongo. Aliyesukuma sahani kando ni mimi.

Kabla vyombo havijaoshwa nimewaandikia chuo. Nichukueni kama biashara, si kama mwajiriwa. Kazi ileile, bei ileile, nitawaletea ankara.

Mume wangu kashika kichwa: kwa ajili ya risiti tano unataka kupoteza safari? Nikamwambia si risiti tena. Nikirudi nataka niikute biashara yangu hai, na iwe ndiyo iliyokwenda. Hilo nilisema kwa sauti kubwa. Ndani naogopa! Wakikataa, nimejichongea mwenyewe.

Jumatano, 12 Juni

Kimya. Nimetyuni piano ya hoteli. Nimeigonga noti moja mpaka mhudumu akaniomba, kwa adabu zote, niipumzishe.

Alhamisi, 13 Juni

WAMEKUBALI! Mama wa ofisi ya chuo anasema hata kwao ni nafuu hivyo, makaratasi yanapungua. Nafuu! Na mimi nimemaliza kucha zote kumi! Nimempigia mume wangu, nimemsikia akiwatangazia wateja wa mikate, wakapiga makofi watu nisiowajua.

Anachoomba mama huyo ni jina la biashara, walichape kwenye kitambulisho changu cha mlangoni.

Jina gani? Haina! Miaka yote hii watu wananiita Fundi, imetosha. Mume wangu kapendekeza "Waya Tamu". Nimemfukuza jikoni. Karudi na "Piano Poa". Nimemfukuza tena.

Ijumaa, 14 Juni

Naandikia kwenye benchi la ofisi ya kodi. Siku ya mwisho, foleni mpaka barabarani. Baba yuko pembeni yangu, katia suti. Sikumwita! Anasema mtu haendi peke yake mbele ya serikali.

Karani kaisoma barua mpya mara mbili, kagonga muhuri. Masikio yamepita! Ni ya biashara rasmi! Pasipoti kaikataa — hiyo ni yako, utasafiri nayo hata kwenye harusi. Sawa, mama, nimekubali. Imebaki nafasi moja tupu kwenye fomu, jina la biashara. Kanirudishia nijaze, nirudi dirishani bila kupanga foleni.

Nimejaza. Sikufikiri sana, mkono umekwenda wenyewe. Jina la Baba, kisha "na Binti".

Nikampa asome. Kavua miwani, kaifuta kwa tai, kaivaa. Nikadhani atalia, nikajiandaa kulia naye. Badala yake katangaza, kwa sauti yake ya kutosikia, mpaka ofisi nzima ikageuka: umekosea, mwanangu! Mwenye biashara hutangulia. Andika Binti na Baba.

Nimemwambia baba hatanguliwi. Kaniuliza kwani nani analipa kodi hapa. Mzee wa nyuma yetu anasema Baba aanze, dada mwenye mtoto mgongoni anasema Binti, na sasa foleni yote ina la kusema. Karani anaita. Baba anaitaka kalamu hii ninayoandikia, afute mwenyewe, mkono mmoja kautandaza kuidai. Kidole cha mkono wa pili hakijatoka juu ya jina lake. Karani anaita tena. Simpi kalamu! Anaivuta na —