Kwa Mdogo Wangu Aliyepimwa Urefu Mlangoni mwa Video

Mdogo wangu mpendwa,

Jina lako sitaliandika, maana barua hii kabla ya kukufikia itabandikwa kwenye gazeti la ukutani hapa shuleni, na wanaolisoma wana midomo. Wewe utajijua. Mwalimu wa Kiswahili alitaka insha juu ya mabadiliko katika jamii yetu. Wenzangu wameandika juu ya soko huria, juu ya wanunuzi binafsi wa kahawa, juu ya sukari inayopatikana bila foleni. Mimi nilimwomba niandike hii. Alisoma mwanzo wake akaniuliza, "Una hakika unataka watu wasome?" Sina hakika. Unanijua, hata jibu ninalolijua darasani sinyooshi mkono. Lakini ule mlango unafunguliwa kila Jumamosi, na wadogo wa wenzangu wanapita.

Najua huko Mbuji milimani kuna baridi. Mama mkubwa alileta salamu kwa dereva wa lori kwamba unakula vizuri, na kwamba amekufundisha kupanda maharage kwenye ngoro, yale mashimo ya kulimia mlimani. Halafu dereva akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba sasa hutaki kushuka hata kijitoni. Mama alikuwa anachambua dagaa. Mikono yake ikasimama.

Jioni ile baba akasema, "Basi ahamishiwe shule ya kule. Akae moja kwa moja, kuliko kumtesa na ziwa."

Mimi nilikuwa na kitabu mbele yangu, nikafunua ukurasa ambao sikuusoma. Mpaka siku ile nilikuwa naogopa kugunduliwa. Tangu siku ile naogopa kwamba hutarudi nyumbani, na kwamba watu wataendelea kusema mtoto yule ana ugonjwa, ana mashetani, wakati hukuwa na ugonjwa wowote. Ulikuwa na dada.

Unaikumbuka ile sinema ya kwanza? Ulikuwa na miaka sita. Katekista alitundika shuka kwenye ukumbi wa misheni, akawasha mashine ya sinema iliyonguruma kuliko filamu yenyewe. Ilikuwa ya zamani sana, nyeusi na nyeupe, na lile zimwi la kinamasi lilitembea kama mtu aliyevaa magunia yaliyolowa. Lilipomkamata yule mwanamke hatukuoneshwa kitu. Picha ilihamia kwenye matete yakitikisika, kisha kofia yake ikielea juu ya maji, basi. Mama zetu walishika vifua. Na wewe, katikati ya ule ukimya, ukapaza sauti:

"Dada! Zimwi lina zipu mgongoni!"

Ukumbi mzima ulicheka. Katekista alicheka mpaka akaishikilia mashine isianguke. Kweli lilikuwa na zipu, sote tuliiona lilipogeuka. Baada ya hapo, kwa miezi, tulicheza zimwi ufukweni. Mimi natoka majini nikiburuza miguu, wewe unakimbia, unanizunguka, unanigusa mgongo, unavuta. Zipu ikifunguka zimwi linakuwa mtu, tena linabebeshwa ndoo. Sikumbuki mchezo mwingine ambao wewe ulinishinda kila siku.

Sasa nataka niandike Jumamosi ile kama ilivyokuwa, bila kuipunguza.

Mzee Abdala wa dukani, yule aliyeleta jenereta na deki na runinga kubwa akafungua banda la video, alikuwa ametundika boksi la kanda mpya nje. Ulilitambua zimwi kabla yangu. Jina lilikuwa lilelile la sinema ya misheni. Ulirukaruka. Mimi, mwenye kusoma kila kitu mpaka karatasi za kufungia maandazi, niliomba nilishike lile boksi, nikasoma maneno ya Kiingereza nyuma yake, nikakutafsiria: "Imetengenezwa upya. Yaani ni ileile, ila sasa ina rangi."

Pembeni kulikuwa na duara jekundu lenye namba kumi na nane. Chini yake, kwa herufi ndogo, kulikuwa na mstari ulioonya kwamba kuna damu nyingi na ukatili unaoonekana waziwazi. Niliusoma. Niliuelewa. Sikukutafsiria. Niliogopa ungesema turudi nyumbani, na mimi nilitaka kujua wameifanyaje.

Unajua jinsi wanavyopima ile kumi na nane pale. Meja, yule kijana wa mlangoni, amechora mstari wa mkaa kwenye mwimo wa mlango. Anayeufikia ni mtu mzima. Asiyeufikia ni mtoto. Nilisimama mimi kwanza, nikanyoosha shingo.

"We mfupi, rudi kasome," akasema Meja.

"Nina miaka kumi na sita, niko Kidato cha Tatu."

"Hata ungekuwa na arobaini. Mkaa hauangalii vidato."

Watu wa nyuma walicheka. Halafu akakuvuta wewe, mwenye miaka kumi na moja, mwenye miguu mirefu ya baba. Kichwa chako kikaupita mstari. "Ehee, dada mtu huyu hapa! Dada, pita. Mwache mdogo wako akusubiri." Wakacheka tena, na wewe ukacheka, kwa sababu hakuna aliyewahi kukuita dada mbele yangu.

Kisha ukanigeukia. "Peke yangu?"

Nikakuambia, "Unaogopa nini, si unaijua? Ingia uniangalizie. Ukitoka utanisimulia."

Maneno hayo ni yangu. Meja hakuyasema, wala mzee Abdala. Ulitaka kurudi, nikakusukuma kidogo begani, na Meja akafunga komeo ili wasioingia kihalali wasichungulie.

Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta wa bati na kitabu changu. Mwanzoni nilisikia muziki, na wanunuzi wa kahawa wakipiga soga. Kisha mwanamke wa kwenye filamu akapiga kelele, na wanaume wakashangilia, "Mle! Mle!" kama wako mpirani. Halafu wakanyamaza. Ukimya huo ndio ulionitisha zaidi. Wanaume wazima thelathini, hakuna hata mmoja anayekohoa. Nilisimama nikagonga bati. Meja akasema kutoka ndani, "Nani huyo? Bado!" Nikakaa. Mdogo wangu, nilikaa. Ningeweza kupiga kelele kwamba ndani kuna mtoto wa darasa la tano. Niliona aibu kuita mbele za watu, nikarudi kwenye kitabu.

Ulipotoka hukulia. Ulikuwa umekunja ngumi, na kucha zimeacha alama viganjani. Nilikuuliza, "Vipi, wameifanyaje?" Ukasema, "Twende kwa njia ya juu." Nyumbani kwetu ni karibu kwa njia ya ufukweni, na tulizunguka mlima mzima kwenye jua. Nilikusumbua njia nzima nisimuliwe. Tulipofika kwenye mihogo ya baba ndipo ukasema neno moja, tena bila kuniangalia:

"Halina zipu."

Hukusema kingine mpaka leo. Ukakataa kwa makelele kwenda kuosha vyombo ziwani. Ukakataa kuoga, hata kwenye beseni, kama beseni lilikuwa jeusi na chini hapaonekani. Baba alikupeleka ukapimwa damu, hakuna malaria. Majirani wakaanza kutaja vitu vya majini, wakamwangalia bibi yule anayeishi peke yake karibu na miamba, na mimi nikawasikia na kunyamaza. Kisha mama mkubwa akaja kukuchukua. "Twende kwangu, mwanangu, kule hakuna ziwa." Ulipopanda gari ulinishika mkono, ukaniachia kabla sijajua niseme nini.

Tangu hapo, mdogo wangu, nikawa naogopa. Sikuogopa zimwi, maana nilikuwa bado sijaliona. Niliogopa kile kilichokuwa kichwani mwako na mimi sikijui. Nilijaribu kukibuni. Nilikibuni darasani, nilikibuni nikichota maji, kila siku kikawa kibaya zaidi, na kila nilipokibuni wewe umekaa mbele yake kwenye mkeka, miguu ya wanaume nyuma yako, mlango una komeo.

Baada ya yale maneno ya baba nilikwenda kwa mzee Abdala, mchana, nikitoka shule. Nilikuwa sijawahi kuingia kwake bila kutumwa. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Chumvi au mafuta ya taa?" Nikamwambia yote nikiangalia mizani yake. Akaacha kufunga kifurushi.

"Miaka kumi na moja?" akauliza. "Yule mrefu?"

"Ndiyo, mzee."

"Kule Songea ninakochukua kanda waliniambia, watoto wasiingie. Nikasema sawa. Sasa mtoto nitamjuaje? Hapa nani ana cheti cha kuzaliwa? Ndiyo tukachora mstari." Akakaa kwenye gunia. "Na ile filamu mimi niliiona zamani, nikiwa kijana, Tanga. Ya kuchekesha. Nikaona jina, nikadhani ni ileile."

"Hujaitazama hii?"

"Wallahi sijaitazama. Mimi nakaa dukani."

Nikamwomba niitazame. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akamwita mkewe, tukakaa watatu sebuleni kwao, pazia limeshushwa, jenereta inanguruma uani. Mkewe alinishika mkono kabla haijaanza, kama anayempeleka mtu kung'olewa jino.

Nataka ujue kwamba nimeliona. Zimwi lenyewe si baya sana, hata sura. Nilingojea lile tukio la matete na kofia. Hawakuhamisha picha. Msichana amechutama kwenye mawe, anaosha bakuli, maji yanamfika kwenye vifundo vya miguu. Si mwanamke wa ile ya zamani. Ni msichana, na anaimba mdomo umefungwa kama uimbavyo wewe ukiosha vyombo. Maji ni tulivu. Kisha mkono unatoka, unamshika kifundoni, na wanatuonesha yote, mdogo wangu. Wanatuonesha mguu. Wanatuonesha mfupa. Wanatuonesha uso wake, na muda wote anatuangalia sisi, mpaka maji yanapokuwa mekundu, na bado hawahami. Mzee Abdala aliinuka kwenda kuzima. Nikamwambia, "Mzee, iache." Mkewe alikuwa ameshatoka nje, anatapika. Niliitazama mpaka maandishi ya mwisho, kwa sababu wewe ulikuwa umefungiwa komeo na hukuwa na mtu wa kuinuka.

Mzee Abdala aliitoa ile kanda akaishika kwa ncha za vidole. Alisema ataifuta ile alama ya mkaa. Alipaka chokaa kesho yake, nimeona. Jumamosi iliyofuata Meja alichora nyingine, juu kidogo. Ndiyo maana naiweka barua hii ukutani. Wenzangu, mkiona namba kwenye boksi, muulizeni mtu anayejua kusoma. Na anayejua kusoma aseme yote.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mama. Nilitegemea fimbo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jambo moja tu: "Yule msichana, alikuwa anaosha nini?" Nikamwambia bakuli. Mama akakaa chini pale pale mlangoni. Akakumbuka kwamba siku uliyoanza kupiga kelele ni yeye aliyekupa bakuli la mboga, akakuambia kalioshe upesi. Alikuwa amekuchapa akidhani ni uvivu. Jioni alimweleza baba, na baba akatoka, akaenda kwa yule bibi wa kwenye miamba, akakaa huko muda mrefu. Sijui walizungumza nini. Aliporudi alisema habari ya kuhama shule ingoje.

Sasa nikuambie la mwisho, ambalo si la kujivunia. Juzi nilichukua sufuria na sahani nikaenda ziwani, pale petu, ili nikija huko nikuambie nimeosha na hakuna kilichonipata. Ilikuwa saa nane, jua kali, wanawake wamejaa, watoto wanaogelea. Nilichutama. Maji yaliponifika kwenye vifundo nilisimama nikakimbia, mdogo wangu, mbele za watu wote, nikaacha sahani mbili mchangani. Mimi wa Kidato cha Tatu, mwenye kujua kwamba ile damu ni rangi na ule mguu ni wa mpira. Kujua hakukunisaidia kitu.

Kwa hiyo Jumamosi hii mama na mimi tunapanda huko kwa gari la asubuhi. Sitakuja kukuambia majini hamna kitu. Sitakuambia, "Unaogopa nini?" Niliyasema hayo mara moja, yanatosha. Nitakaa nawe kwa mama mkubwa, tukitaka tutaongea na tusipotaka tutapalilia maharage. Ukiwa tayari, nitaanza mimi kusimulia nilichokiona, polepole, na wewe utanisahihisha nikikosea. Kisha, ukikubali, tutashuka hadi kijitoni tukiwa tumeshikana mikono, tusimame mbali kadiri utakavyotaka, na atakayekimbia kwanza asichekwe. Nadhani nitakuwa mimi.

Mpaka hapo nakukumbatia kwa mawazo, na umfikishie mama mkubwa shikamoo yangu.

Ni mimi,
dada yako.