Mwanangu Amenitumia Picha ya Ukungu

Mpendwa Mama Lutengano, naomba unisaidie kabla sijapasuka kifua, mimi ni mjane wa hapa Ipogolo, Iringa, napikia chakula madereva wa malori pembeni ya barabara kuu, na kilichonifikisha kwako ni mwanangu wa pekee Vitus, ambaye nimemlea kwa moshi wa kuni hizi hizi mpaka akapata kazi ya ufundi umeme huko Iyunga, Mbeya, na leo ameniona mimi ni mtu wa kutumiwa ukungu.

Ngoja nianze mwanzo usije ukadhani nina kichaa. Vitus alioa binti anaitwa Kalista, baba yake ni mzee Bujiku, Wasukuma waliohamia Usangu na ng'ombe wao, sasa wako Ubaruku wanalima na mpunga, na mimi sikuuficha moyo wangu, nilimwambia mwanangu hawa watu leo wako hapa kesho wamehama na mifugo, wajukuu zangu nitawatafutia wapi, yeye akaniambia mama nimempenda, akaoa. Siku ya kutambulishana nilikaa, nikala kidogo, nikaondoka mapema, sikumtukana mtu. Tangu hapo huyo Kalista akinipigia simu namwitikia, akiuliza habari nasema nzuri, basi, au mtu anataka nimchekee mpaka jino la mwisho?

Hii simu ya kupangusa alinipa Vitus mwenyewe, aliituma na basi, na mwanzoni alikuwa ananiwekea bando tunaongea tunaonana na sura. Tulipokorofishana kwa habari za mkewe akaacha, na mimi sikumwomba, najiwekea bando la dakika na meseji, data ya nini, nina nani wa kumwangalia huko mitandaoni.

Kalista akajifungua mtoto wa kike. Vitus alinipigia akaniambia, nikasema Mungu amkuze, nikangoja. Kwetu mtoto akitaka kubatizwa bibi mzaa baba anaambiwa mapema, kadi inaletwa mkononi na mtu mwenye adabu zake, anakaa, anakunywa chai, anasema mama shughuli yetu ni siku fulani tunakuomba ufike. Nikamngoja mtu huyo. Kitenge changu kizuri nilishakitoa sandukuni nikakianika kwenye kamba, majirani wakaniuliza unakwenda wapi, nikawaambia mtaona. Hakuja mtu.

Ila Jumamosi moja jirani yangu Frida, aliyesoma na Vitus, alikuwa amekaa kibandani kwangu anangoja ugali, akasema mama simu yako inakaa bure tu, hebu nikurushie data kidogo kutoka kwenye yangu. Akanirushia, simu ikalia, nikaona jina la Vitus, nikafungua haraka, ndipo nikaukuta huo ukungu. Picha ya ukungu, Mama Lutengano, kitu cheupe cheupe kimefifia, huoni mtu huoni maandishi, katikati kimshale kinaangalia chini, na hakuna hata neno moja la shikamoo. Nikakibonyeza, duara likazunguka, likazunguka, Frida naye akaitwa kwao akaondoka na simu yake, duara likakwama. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Nikaongeza dakika nikidhani dakika ndizo zimeisha, nikabonyeza tena, ukungu ule ule.

Frida sikumuuliza, ningemwambia nini mtoto wa watu, kwamba mwanangu ananificha? Maana nilielewa pale pale. Kwenye televisheni mtu wasiyetaka aonekane wanamfifisha sura hivyo hivyo, na nimewasikia vijana wakisema kuna namna ya kutuma picha mtu aione mara moja halafu ifutike. Nikasema sawa, wamenitumia ukungu ili nijue mtoto yupo ila si wangu.

Kitu kilichonimaliza kabisa ni siku Frida alipokuja mbio ananionyesha simu yake anacheka, mama hongera, kumbe mmebatiza mbona hamkutuambia. Kwenye status ya Vitus picha zinang'aa, padri yupo, mishumaa ipo, mzee Bujiku na koti lake kubwa kambeba mtoto, mama yake Kalista amekaa mbele mahali pangu, wote wameshona sare. Kwa hiyo jirani anaoneshwa kila kitu waziwazi na mama mzazi anatumiwa ukungu! Nilimdanganya Frida kwamba nilikuwa naumwa. Akaondoka, nikaingia ndani nikalia, kisha nikamwandikia Vitus meseji ya kawaida, "Nimewaona. Mtoto wenu wa porini msimlete kwangu, mimi sina mjukuu."

Vitus akajibu, "Mama, kadi uliiona, tiki ziligeuka bluu, ukanyamaza. Hata kwa jina lile? Sawa mama." Tangu hapo nikipiga hapokei. Kadi ipi na mimi sijaletewa kadi? Jina lipi? Hata jina la mtoto sijaambiwa na mtu.

Sasa mwisho wa mwezi ukoo wa marehemu mume wangu unakaa kikao kugawa shamba lake, shemeji yangu Kalinga ndiye mkubwa wao, na mimi nimeshaamua nitasimama niseme Vitus si mwanangu tena na sehemu yake apewe mwingine. Kalinga ameniambia nifikirie vizuri, kwa sababu neno kama hilo mama akishalisema mbele ya ukoo hakuna wa kulifuta. Nimeshafikiria. Ninachokuomba ni unipangie maneno yatoke vizuri, maana najijua, nitalia kabla sijamaliza, na sitaki walione chozi langu wadhani natania.

Rozalia, Ipogolo

MAMA LUTENGANO ANAJIBU

Kamwene, mama Rozalia. Pole sana. Kujifungia ndani ukalia kwa ajili ya mtoto uliyemzaa mwenyewe ni uchungu ambao simwombei mtu. Lakini maneno ya kusema kwenye kikao sikupi. Badala yake nitakueleza jambo ambalo Frida angekueleza huku anangoja ugali wake, kama kiburi kisingekuzuia kumuuliza.

Hakuna aliyekutumia ukungu. Simu ya kupiga na meseji ya kawaida vinatumia dakika na meseji zako, na hivyo unavyo. Picha ya WhatsApp haipiti njia hiyo, inapita kwenye intaneti, na kwenye simu yako intaneti haipo mpaka uweke data. Tena picha ni nzito kuliko maneno. Kwanza kinakuja kivuli chake kidogo, kimefifia, kukujulisha tu kwamba kuna picha, halafu yenyewe inabaki inakungoja uishushe. Kile kimshale kilikuwa kinakuomba uishushe. Data ya Frida ilikuwa inatoka kwenye simu yake, ikatosha kuleta kivuli, ikaondoka naye kabla picha haijashuka. Ungejaza dakika mpaka simu iteme, isingeshuka, kwa sababu dakika ni za kuongea. Na Frida aliona picha zinang'aa kwa sababu ana bando. Hapendwi kukuzidi.

Halafu hizo tiki. Ukifungua tu alichokuandikia mtu, kwake zinageuka bluu, hata kama picha yenyewe hujaiona. Kwa hiyo Vitus kule Iyunga alidhani mama ameisoma kadi, akangoja useme neno, hata la kukataa. Hukusema. Mwanao aliingia kanisani na mtoto mkononi akiamini mama yake amemwona na amemnyamazia.

Ndiyo, ile ilikuwa kadi. Siku hizi kadi zinatengenezwa kwenye simu na kutumwa kwa picha, hakuna anayekuja kunywa chai. Hapo nina ugomvi na Vitus pia. Kijana, kama unasoma, mama mzazi haalikwi kwa picha kisha ukakaa unahesabu rangi za tiki. Ulijua ulishaacha kumwekea bando. Dakika alikuwa nazo, na namba yake unayo, ungempigia. Ulikuwa umenuna kama yeye tu, na kununa huko hukukuokota barabarani, umekurithi hapo hapo Ipogolo.

Turudi kwako, mama. Unauliza jina lipi. Kadi hiyo sijaiona, ila sijawahi kusikia mtu akimwambia mama yake "hata kwa jina lile" kwa jina la mtu baki. Mtoto huyo anaitwa Rozalia. Kama nimekosea niandikie unitukane, nami nitaichapa barua yako hapa hapa kila mtu aisome. Na mtoto hapewi jina la mama mkwe bila mama yake kukubali. Kalista alikubali, na sitashangaa nikisikia ndiye aliyeomba, huyo huyo ambaye salamu zake unazijibu kwa neno moja, huku mchele wa kwao Ubaruku bila shaka unawapakulia madereva kila siku na kuwasifia utamu wake.

Wewe ukamwita mtoto huyo wa porini. Mwaliko wao ulikuwa picha, ulihitaji data, ukakwama. Tusi lako lilikuwa meseji ya kawaida, halikuhitaji data, likafika hapo hapo.

Sasa sikiliza. Leo nunua bando la data, mwite Frida akae karibu yako, ubonyeze kile kimshale. Usizidi kuchelewa, kwa sababu picha ikikaa muda mrefu bila kushushwa inaweza kugoma kabisa, na wa kuituma tena ni yule yule asiyepokea simu zako. Ikifunguka, isome yote, hata kama macho yanakataa. Kwa shemeji yako Kalinga peleka neno mapema kwamba huna la kusema kikaoni na sehemu ya Vitus iachwe ilipo. Amekwambia mwenyewe kwamba neno lile halifutiki, na alikuwa anakupa nafasi ya kunyamaza, itumie.

Kisha panda basi la Mbeya, shuka Iyunga, usimtangulize mtu wala meseji. Ukifika usianze kujitetea kwa habari za bando. Bando limekunyima kadi moja tu. Kumnunia Kalista tangu siku ya kutambulishana hakukuletwa na mtandao, ulinuna mwenyewe ukiwa na dakika za kutosha. Wanaweza wasikupokee vizuri. Kaa hivyo hivyo, vumilia, na ubatizo ulioukosa usidai urudiwe kwa ajili yako, umekupita.

Mtoto hajui kusoma, ile meseji haimuumizi. Aliyeisoma ni mama yake. Omba radhi kwa Kalista kwanza, ndipo umwombe akupakatishe mtoto.