Sanduku la Nasimiyu Lililofungwa kwa Kamba

KIKAO CHA KAMATI, KIKUNDI CHA WALIOFIWA, KITALE
Tarehe: Jumamosi, 14 Juni 2025
Mahali: Ukumbi wa kanisa
Waliohudhuria: Bw. Muigai (mwenyekiti), Bi. Wangechi (mweka hazina), Bi. Nasimiyu (mwanachama, aliitwa), Bi. Tabby (katibu)
Hakuhudhuria kwa udhuru: Bi. Agneta, mshauri wetu kutoka Bungoma

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliomba. Bi. Wangechi hakufumba macho, alikuwa akilitazama sanduku la Bi. Nasimiyu. Katibu anajua kwa sababu naye hakufumba.

KUMB. NA. 2/6/2025: MASANDUKU
Mwenyekiti alikumbusha kwamba Bi. Agneta alimpa kila mwanachama sanduku la katoni alipake rangi: nje, yale watu wanayoyaona, ndani, yale moyo unayoyaficha. Kulifungua ni hiari ya mwenyewe.

Bi. Wangechi alisema wengine wote wameonyesha ya ndani, ila Bi. Nasimiyu amelipaka lake jeusi na kulifunga kamba. "Si ubaya, lakini kitu imefungwa hivyo ndani ya kanisa, mimi siiamini." Alipoulizwa kama anamaanisha uchawi, alijibu kwamba hajataja uchawi, ila tangu liletwe halali vizuri. Katibu alikumbusha kwamba Bi. Wangechi analalamikia usingizi tangu mwaka jana.

KUMB. NA. 3/6/2025: MAELEZO YA BI. NASIMIYU
Bi. Nasimiyu alieleza kwamba ukoo wa marehemu mumewe, kule Myanga, unataka kuzika shina la mgomba badala ya mwanawe Mukhisa, aliyepotea, kama desturi inavyotaka mwili usipopatikana, naye amekataa. "Hiyo boksi ni yake. Muniachie tu."

"Ati yake? Sasa umemuwekea nini?" aliuliza Bi. Wangechi. Mwenyekiti aliamua lifunguliwe ili shaka iishe. Bi. Wangechi alikata kamba.

Ndani palikuwa pamepakwa rangi nyeupe. Kipande cha blanketi kilikuwa kimetandikwa vizuri, na juu yake hapakuwa na kitu.

Bi. Nasimiyu alisema, "Ikiwa imefungwa, nilikuwa naweza kusema amelala humo. Sasa sisi wote tumeona hayuko."

KUMB. NA. 4/6/2025: MENGINEYO
Mwenyekiti aliomba radhi. Bi. Wangechi alijaribu kufunga kamba tena, lakini haikufika. Bi. Nasimiyu aliazima simu ya mwenyekiti, akampigia shemeji yake aliye Myanga, akamwambia wakate mgomba.

Watu waliondoka saa tisa alasiri. Hakuna aliyejitolea kuomba.

Mwenyekiti: Muigai
Katibu: Tabby