Mapigo ya Mama Mkwe

Chumba cha Kumbukumbu,
Kituo cha Utafiti wa Afya ya Farasi,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umeanza kukuruhusu kuamka bila kushika ukuta. Binamu zangu hawajambo? Huku nyumbani sote tu wazima. Baba bado anachechemea, lakini ukimuuliza goti linaendeleaje anakujibu, "Goti gani?" Basi tumeacha kuuliza. Mama anasema umekonda kwenye picha.

Mimi pia ni mzima. Wiki iliyopita nisingeweza kuandika hivyo, maana nilikuwa sili, silali. Sasa yamepita, acha nikusimulie. Tena wewe mwenyewe una fungu lako katika kosa hili.

Kazi yangu unaijua kidogo. Tuna farasi kumi na wawili, na daktari mkuu anachunguza jinsi mioyo yao inavyobadilika wanapozoezwa pole pole. Kila asubuhi, kabla hawajatolewa bandani, mtunzaji wao, mzee tunayemwita Kwato, huwawekea vidole chini ya taya penye mshipa na kuhesabu mapigo kwa nusu dakika. Huniletea namba kwenye vikaratasi, nami huzizidisha kwa mbili na kuziingiza daftarini. Ndivyo alivyonielekeza karani aliyenitangulia, siku moja kabla ya kuondoka.

Mmoja wao ni farasi jike anayeitwa Mama Mkwe, kwa sababu akipita kila mtu humpisha, na hakuna anayejua amemkosea nini. Wenzake huja na kumi na sita au kumi na saba. Yeye huja na thelathini na mbili, na chini ya namba yake pana kamstari. Mimi nilidhani ni madoido ya mzee. Nikizidisha, wenzake wanapata thelathini na kitu, yeye sitini na nne.

Sasa Shangazi, nani alinifundisha kuhesabu mapigo nikiwa na miaka tisa, akirudi kutoka wodini hata sare hajavua? Uliniambia mtu aliyetulia hupata sabini na mbili hivi. Kwa hiyo nikaona Mama Mkwe ndiye mzima peke yake, na wale kumi na mmoja nikawahurumia kimoyomoyo. Sikumuuliza mtu. Niliogopa kuonekana sijui.

Daktari mkuu alikuwa safarini, nami nilimtumia namba kwa wiki tatu. Jumatatu likaja jibu: farasi aliyetulia hatakiwi kuvuka arobaini na kitu, moyo wa Mama Mkwe umechoka, asiachwe ateseke. Daktari wa nje aje athibitishe, na Alhamisi asubuhi farasi apigwe sindano ya mwisho. Huyo daktari alifika siku ileile, na viatu vya kelele. Mama Mkwe hapendi wageni, na moyo ulimwenda mbio palepale. Akahesabu sitini na sita, akasema makaratasi hayakukosea, akatia sahihi.

Jumanne nilimkuta Kwato amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaniambia haelewi, maana yeye kila siku anapata thelathini na mbili kwa dakika nzima. Nikamuuliza, dakika nzima? Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfunga mtoto kamba za viatu. Moyo wa Mama Mkwe akitulia huruka pigo moja moja, jambo la kawaida kwa farasi mwenye afya, kwa hiyo nusu dakika humdanganya. Ndiyo maana yeye humhesabu dakika nzima na kupiga kamstari. Karani wa zamani alijua.

Nilirudi ofisini nikafunga mlango. Daktari mkuu alikuwa njiani na simu yake haipatikani. Vikaratasi vyote vilikuwa kwenye droo yangu, na Kwato hakuwa amejua nimefanya nini. Nilikuwa nimebakiza mwezi mmoja tu kumaliza kipindi cha majaribio ya kazi. Nakuambia wewe tu: nilikaa na wazo baya mpaka chai ikapoa.

Jumatano nilimkuta daktari mkuu hajavua hata koti. Maneno niliyoyapanga usiku kucha yalipotea. Nikamwekea vikaratasi mezani nikasema, "Daktari, Mama Mkwe ni mzima. Mgonjwa ni daftari langu."

Alivisoma kimoja kimoja. Kisha tukaenda bandani pamoja na Kwato, akawazuia wengine nje, tukasimama kimya hadi farasi akatulia na kuanza kutafuna nyasi. Akaniamuru mimi, si Kwato, nihesabu dakika nzima. Nilipofika kumi na tisa, pigo likakosekana. Kwato akaninong'oneza, "Usimharakishe, mwanangu. Huyu hana basi la kuwahi." Pigo likaja. Nikamaliza na thelathini na mbili.

Daktari akasikiliza mwenyewe kwa chombo chake, akapata hiyohiyo. Nikasema nakwenda kufuta daftari. Akasema, "Hufuti kitu. Piga mstari mmoja, andika ya kweli pembeni, weka sahihi. Atakayekuja aone tulipojikwaa."

Siku ishirini na moja, sahihi ishirini na moja. Alinigombeza sana, si kwa kuzidisha bali kwa kutouliza, na majaribio yangu yameongezwa miezi miwili. Sinung'uniki. Daftarini sasa kuna safu mpya: muda wa kuhesabu.

Alhamisi, saa ileile ya sindano, nilimwona dirishani Mama Mkwe akienda uwanjani, Kwato nyuma yake, na kila mtu akimpisha. Nilikaa nikajihesabu mwenyewe dakika nzima: tisini na moja. Jana nimerudia. Sabini na mbili, Shangazi, kama ulivyonifundisha.

Nisalimie binamu zangu mapacha, na Bibi umwambie simu yake nitapiga leo jioni. Mungu akutunze, na mgongo wako akautunze zaidi.

Mwana wa kaka yako, anayekupenda siku zote,

Muuguzi Mdogo
(aliyeishia kuwa karani)