Ogeto, Mashine Hii Si Yako

Kaka yangu Ogeto,

Najua unangoja nikuulize hali kwanza, kama tulivyolelewa. Haya, hujambo? Wifi na watoto wanaendelea vizuri? Majani chai mnachuma, au mvua ya mawe imeyapiga tena? Mimi huku Uingereza mwili ni mzima, ila baridi inanitafuna vidole. Moyoni nimekukasirikia, na sitakuficha.

Barua yako ilifika. Nilisomewa na mama mmoja anayejitolea hapa chuoni kutusomea sisi vipofu. Kiswahili hajui hata neno, anakisoma kama anayetafuna kokoto, nami naokota maana nyuma yake. Hata hivyo nilikuelewa. Uliandika kwamba Mama analia, amekataa chakula mpaka nichague kompyuta ya picha, ile yenye mausi ya kusukuma mezani, kwa sababu kitu cha bure ni takataka na watu wa Nyamache watatucheka.

Niliogopa. Unajua chuo kinanipa kompyuta moja tu, nitakayorudi nayo nyumbani nikimaliza, na mfumo wa kuiendesha nachagua mwenyewe, wa picha unaouzwa au wa maandishi wa bure. Kwa ajili ya Mama nikaomba nijaribu ule wa picha kwanza.

Umewahi kukaa mbele ya kitu kinachokuambia "picha, picha, picha", kisha kinanyamaza? Siku ya tatu kidirisha kilijitokeza kwenye kioo kikiuliza kama nataka kuhifadhi insha yangu. Mimi sikukiona, sauti inayonisomea haikukitaja, nikabonyeza tu. Kurasa kumi na moja zikaenda. Nilikaa pale tangu asubuhi hadi saa nane mchana nikingoja mtu mwenye macho apite. Nililia, Ogeto. Nilijiambia navumilia kwa ajili ya Mama.

Huu wa bure unaitwa Linux. Nilipewa kwenye diski na mwanafunzi mwenzangu, mama wa makamo asiyeona kama mimi. Sikudanganyi, kuuweka kulituchukua wiki nzima na tulikosea mpaka tukachoka. Lakini humo kila kitu ni maandishi, na maandishi yote yanapita kwenye kisanduku cha sauti kilichounganishwa kwa waya. Naandika amri, kinanijibu. Ikiharibika, naambiwa imeharibikia wapi. Tena walioutengeneza hawakuufungia. Sauti yake ilipokuwa inasoma Kiswahili kwa pua ya Kizungu, tulifungua mafaili ya mfumo, vipofu wawili peke yetu, tukaurekebisha. Sasa sauti hiyo inataja Nyamache kama mtu aliyewahi kufika sokoni.

Halafu ikaja kaseti. Shangazi Kerubo wa Magwagwa alimpelekea Mama redio yake, wakarekodi, wakampa muuguzi aliyekuwa anakuja huku kwa kozi fupi. Mama anaongea Kikisii chake bila wasiwasi: "Omwana one, mwanangu, Ogeto ananisomea barua zako, kwamba umeipenda ile ya picha, utamletea aiweke kibandani kwake. Mimi nashangaa. Si ulisema ile nyingine ndiyo inayozungumza nawe? Chukua inayozungumza, mwanangu." Kisha anacheka na Shangazi. Na chakula anakula, maana nilimsikia akitafuna.

Kwa hiyo huko nyumbani hakuna aliyelia. Ulitaka mashine ya kibanda chako cha kupiga chapa, ukanitungia mimi machozi ya Mama, na yeye ukamtungia maneno yangu. Mimi sioni, yeye hakusoma, ukaona katikati yetu pana nafasi, ukajikalia. Miaka yote hii nimekuwa nikikuita macho yangu mbele za watu. Aibu yako, Ogeto.

Nimechagua wa bure, na nimeshatia sahihi. Barua hii nimeichapa nao, nikaisikiliza mstari kwa mstari, hakuna jicho lililonisaidia. Ukitaka kunijibu, piga chapa. Hapa chuoni kuna mashine inayosoma kwa sauti karatasi iliyopigwa chapa. Mwandiko wako haiuwezi, nami sitaki tena mdomo wa mtu katikati.

Nisalimie wifi, mpe pole kwa kukuvumilia. Msalimu mjomba wa kiwandani Itumbe, na yule mwalimu mstaafu aliyenifundisha kusoma kwa vidole, mwambie vidole bado vinafanya kazi.

Mama usimpe salamu zangu. Yule muuguzi alirudi nyumbani Jumapili, na kwenye mkoba wake kuna kaseti niliyoirekodi kwa Kikisii, pande zote mbili. Shangazi ataicheza. Barua hii naiweka posta leo, kwa hiyo unapoisoma, Mama ameshayasikia yote haya kwa sauti yangu mwenyewe.

Akikuita, nenda.

Dada yako,
Kemunto