Kichaka cha Juu Kimeungua

Jumapili, jioni. Jua lilikuwa kali kutwa, na macho bado yananiwasha kwa moshi.

Nimechoka, na nimejikasirikia.

Mwaka juzi mama alichoma mteremko wetu hapa Sironga ili apande wimbi, maana wimbi hupenda majivu. Kikabaki kichaka kimoja tu, kule juu penye mawe. Mimi, mwalimu wa bayolojia asiye na la maana la kufanya wikendi, nikaanza kutega wanyama wadogo kwa mitego ya kisanduku, isiyoua. Nilitaka kuona nani atarudi palipoungua.

Panya wa shamba walirudi kwanza, wale wala chochote. Miezi mingi ikapita bila mwingine. Tulipovuna na kuuacha mteremko upumzike, nyasi zikafunga, nikampata kirukanjia, kale kadude kenye pua ndefu kanakokula wadudu. Kila niliyemkamata nilimpunguza manyoya mgongoni kwa mkasi kabla ya kumwachilia, na huyu nilikuwa nimemnyoa kule kichakani. Kumbe alishuka mwenyewe! Nilifurahi kama mjinga. Panya wa miti, mwenye mkia wa manyoya, alikuwa bado kule juu kichakani. Nikawa namsubiri.

Kosa langu ni huo mkasi.

Wiki jana jirani yetu, Mama Kemunto, aliua panya ghalani mwake. Akamleta kwetu amemshika mkia.

"Mwalimu, huyu si ni wako? Ako na alama yako."

Nilieleza kwamba alama ni ya kuwatambua tu. Nikaeleza mpaka nikachoka.

"Sasa kama unashika panya na unaachilia," akasema, "hiyo si ni kufuga?"

Jana baada ya ibada watu waliniuliza panya wangu wanaendeleaje. Mama alikuwa kando yangu. Hakucheka.

Leo asubuhi, Sabato ikiwa imeisha, alichukua kiberiti. Nilimwambia kichakani kule ndiko wanakotoka wale wanyama wengine. Kikiisha, tutabaki na panya wa shamba peke yao, wale wale wanaomaliza wimbi. Alinisikiliza hadi mwisho, nami nikadhani nimemshawishi.

"Mwanangu, mimi ndiye naishi na hawa watu," akasema. "Shika tawi, moto usiingie kwa chai ya jirani."

Nikashika tawi.

Nilisimama mpakani nikipiga miali iliyokaribia michai ya jirani. Virukanjia wawili wakatoka mbio, mmoja nyuma ya mwingine, wakija moja kwa moja miguuni pangu. Mwanya uliobaki ulikuwa pale niliposimama. Kabla sijasogea waliniona, wakageuka, wakarudi ndani ya moshi.

Panya wa miti sikumwona kabisa.

Mama amenishukuru mara mbili. Ameniwekea chakula kingi, nami nimekisukuma kando. Ameniuliza kama ninaumwa, nikasema ni moshi.