Dirisha Yenye Kutafuta Mizani

Mama mupenzi kule Kingi,

Nakuandikia nikiwa Pinga, ukungu bado umelala juu ya paa. Magoti yako yanasemaje na hii baridi? Maharagi ya kilimani ilitoa maua? Mimi niko muzima, Mungu asifiwe.

Ila nina uchungu kidogo. Nasikia kaka Bahati anasema niliacha jembe nikuje kucheza na ordinateri, hizi kompyuta. Umuambie hii kazi nilijifunza peke yangu, hakuna aliyenilipia masomo.

Unajua nilitengenezea kooperative, ule ushirika wa wakulima wa hapa, programu ya kupimia maharagi kwenye depo, gala yao. Dirisha yake, njo ile sura yenye kuonekana kwenye ekra, kioo ya ordinateri, inasoma mizani na kuandika kilo. Lakini namba zilikuwa ndogo, wamama wenye kungojea zamu kwenye benchi hawakuziona. Mama Zawadi, prezida wao, akanifuata. Mufanyabiashara wa barabarani alikuwa anawaandikia kilo makumi ine na tatu kwa mufuko wa kilo makumi tano, na sasa walifikiri hata mimi nawaibia.

"Namba yenye siwezi kusoma, kwangu iko uongo," akasema. "Siku ya soko ikiwa vile tena, tunarudi kwa yule mwizi. Yeye angalau tunamujua."

Kukuza namba, nikafikiri, iko kazi ndogo: unafungua mahali pa kuchorea dirisha, unavuta pembe, basi. Nikafungua. Ekra nyeupe, na maneno mekundu: mizani haionekani. Nikazima, nikawasha. Nyeupe tu. Na kule depo programu ileile ilikuwa inafunguka vizuri!

Muchana mvua ikanyesha, nikasinzia juu ya meza. Nikaota depo isiyo na kuta, ukungu tupu, na sauti inauliza polepole: mizani iko wapi, mizani iko wapi. Nikaamka nikicheka. Desturi yetu unaijua, Mama: hakuna anayeweka mufuko mbele ya kuona mizani tupu, imesimama kwa sifuri. Kwa kuiheshimu, niliamuru dirisha iulize mizani ile sifuri wakati wa kuzaliwa, ni kusema wakati inafunguka, mbele ya yote. Kumbe mahali pa kuchorea napo panaizaa, ili tuione. Iko kama inaota, na ndani ya ndoto inatafuta mizani yenye iko depo, ngambo ya muto.

Nikahamisha ile amri: iulize wakati wa kupima, hapana wakati wa kuchorwa. Dirisha ikatokea yote, kama kilima ukungu ukiondoka. Nikakuza namba mara ine.

Siku ya soko Mama Zawadi alikaa mwisho wa benchi, makusudi. Sifuri ikaonekana, kubwa kama chungu. Mufuko wake ukapandishwa. Nikafungua kinywa nitaje kilo, akainua mukono.

"Nyamaza, mutoto yangu. Nasoma mwenyewe."

Akasoma polepole: makumi ine na kenda. Akafikiri, akasema ile kilo moja yenye kukosa kwa makumi tano, wajukuu wake waliikula jana. Kisha akageukia benchi akauliza nani anafuata, na wamama wakasimama na mifuko yao.

Unisalimie Baba mudogo mwenye kupiga ngoma kanisani, shangazi mwenye kukulindia mbuzi, na Bahati pia. Mvua ya huku ikufikie ikiwa laini.

Mwana wako,
Riziki